Kufungua shule ya Kicherokee wakati wa korona: ulinzi uanzie kwa wazee

Katika mijadala ya kufungua shule iliyotawala dunia mwaka 2020 na 2021, aliyewekwa mbele daima alikuwa mtoto: je, ataambukizwa, ataugua kwa kiasi gani, atapeleka ugonjwa nyumbani? Maswali hayo yalikuwa ya haki, na kwa shule nyingi yalitosha. Zipo hata hivyo shule chache ambazo maswali hayo hayakugusa kiini cha hatari yake, nazo ni zile shule ndogo zinazofundisha kila somo, kuanzia hesabu hadi michezo, kwa lugha iliyobakiwa na wasemaji wachache. Humo, aliye hatarini zaidi si yule aliyeketi kwenye dawati bali yule anayesimama mbele yake, mwenye umri wa miaka sitini, sabini au zaidi, aliyeipata lugha hiyo mapajani mwa mama yake, na ambaye akiondoka hakuna chuo cha ualimu kinachoweza kumtoa mwingine.

Mfano ninaoutegemea hapa ni shule ya Taifa la Cherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji asilia wa Marekani, mjini Tahlequah, kaskazini mashariki mwa jimbo la Oklahoma, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2001 ili watoto wadogo wasome kwa Kicherokee kitupu. Taifa hilo lilikuwa na raia zaidi ya 380,000, lakini waliokisema Kicherokee kama lugha yao ya kwanza wakati janga linaingia walikadiriwa kuwa takriban 2,000 tu, wengi wao wakiwa wamevuka miaka sitini. Sababu za upungufu huo zinajulikana: kuhamishwa kwa nguvu kutoka kusini mashariki mwa Marekani mwaka 1838 na 1839, safari iliyoua maelfu ya watu, kisha vizazi vya watoto waliopelekwa shule za bweni na kuadhibiwa kwa kusema lugha ya kwao. Juni 2019 mabaraza ya makundi matatu ya Wacherokee yalikutana na kutangaza kwamba lugha yao imo katika hali ya dharura. Tangazo hilo halijatimiza mwaka, korona ikabisha hodi.

Dharura mbili zikawakuta watu walewale. Agosti 2020 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilitoa takwimu za majimbo 23 zilizoonyesha kwamba maambukizi yaliyothibitishwa miongoni mwa wenyeji asilia wa nchi hiyo yalikuwa mara 3.5 ya yale ya Wazungu. Mwezi huohuo alifariki Durbin Feeling, mtaalamu wa lugha aliyetoa kamusi ya Kicherokee na Kiingereza mwaka 1975 na ambaye baadaye alihangaika mpaka maandishi ya Kicherokee yakaingia kwenye kompyuta. Sisemi kwamba aliuawa na korona. Ninachosema ni kwamba jamii iliyompoteza mtu wa kimo hicho ilikuwa wakati huohuo ikipoteza kwa korona wasemaji wengine ambao majina yao hayakufika magazetini, nao walifikia makumi. Ule msemo wa mzee anayekufa na maktaba inayoungua umetumika misibani mpaka umechoka, na hapa hata haufai, kwa sababu maktaba haimsahihishi mtoto anapokosea toni, yaani kule kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno.

Kwa hali hiyo, jibu rahisi lingekuwa kufunga shule na kusubiri. Lakini gharama ya kufunga katika shule ya namna hii si ile tuliyoizoea Afrika Mashariki. Uganda ilifunga shule Machi 2020 na haikuzifungua zote hadi Januari 10, 2022. Watoto walipoteza hesabu, walipoteza kusoma, na baadhi ya wasichana walipoteza nafasi ya kurudi darasani kabisa. Lugha ya nyumbani hawakuipoteza; huenda mtoto wa mjini aliyepelekwa kijijini kwa bibi yake alirudi akiisema vizuri kuliko alivyoondoka. Tahlequah mambo yamegeuka. Wazazi wengi hawakisemi Kicherokee, kwa kuwa wao ndio kizazi kilichokosa, na nyumbani kunazungumzwa Kiingereza, televisheni ni Kiingereza, jirani ni Kiingereza. Shule ndiyo mahali pekee ambapo mtoto anaombea maji kwa Kicherokee, anagombania mpira kwa Kicherokee, anakaripiwa kwa Kicherokee. Ukiifunga, humrudishi mtoto kwenye lugha yake bali unamtoa humo, na unamtoa katika umri ule ambao sikio lake bado linapokea sauti bila kufundishwa kanuni.

Masomo ya mtandaoni yanaziba sehemu ndogo ya pengo hilo. Vitini vinavyopelekwa nyumbani vinaziba ndogo zaidi, ingawa Kicherokee kina bahati ya kuwa na maandishi yake chenyewe tangu Sequoyah, Mcherokee aliyeyabuni, alipoyakamilisha mwaka 1821. Maandishi hayo ni ya silabi, na ni mazuri, lakini hayaonyeshi toni wala urefu wa irabu. Msomaji hodari anavijaza kutoka kichwani. Mtoto wa miaka sita ambaye mama yake hana cha kumjazia atasoma karatasi yote bila kosa la herufi na bado asieleweke na mzee yeyote.

Basi shule lazima ifunguliwe, na ifunguliwe mapema kuliko pengine shule nyingine za mji huo. Ugumu ni kwamba mbinu yake ya kufundisha ni karibu orodha kamili ya mambo ambayo virusi vinayapenda. Mtoto anajifunza lugha namna hiyo kwa kuitikia kwa sauti, kwa kuimba, kwa kurudia pamoja na wenzake, kwa kukaa karibu na mdomo wa anayesema. Tarehe 10 Machi 2020, kwaya moja ya eneo la Skagit, jimbo la Washington, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Walihudhuria watu 61, wakaugua 53, wawili wakafa. Hakuna aliyekohoa mbele ya mwenzake kwa makusudi. Waliimba tu, ndani ya chumba kimoja, wengi wao wakiwa wazee. Darasa la wimbo wa asubuhi lenye mwalimu wa miaka sabini halitofautiani sana na mazoezi yale.

Ndiyo maana sioni maana kubwa katika vile vitu vilivyokuja kuwa alama ya usalama kila mahali: kipimajoto mlangoni, madawati yanayopanguswa kila saa, mishale ya rangi sakafuni. Ugonjwa huu huambukizwa hata na mtu ambaye bado hana homa, na njia yake kuu ni hewa. Kunawa mikono ni jambo jema na ndoo za maji tiririka zilizoenea huku kwetu zilipunguza magonjwa mengine, lakini shule yenye bajeti ndogo inayomaliza fedha zake kwenye vitakasa mikono na kuacha madirisha yaliyogandishwa kwa rangi imelinda pasipo na adui. Kwanza dirisha lifunguke. Pili pawe na kipimo cha kabonidaioksaidi ukutani, kifaa kinachotoshea kiganjani, ambacho kinamweleza mwalimu kwa tarakimu ni kiasi gani cha hewa anayoivuta kimeshapita kwenye mapafu ya mwingine: hewa ya nje ina takriban sehemu 420 kwa milioni, na chumba kikipita 800 ni wakati wa kufungua zaidi au kutoka.

Tatu ni lile boksi la kuchujia hewa ambalo Richard Corsi na Jim Rosenthal walilitangaza mwaka 2020, na nalitaja kwa undani kwa kuwa linafaa shule isiyo na mfadhili. Unachukua vichujio vinne vya kawaida vya mitambo ya hewa, vya daraja linaloitwa MERV 13, yaani vyenye uwezo wa kunasa chembe ndogo sana, unavisimamisha viwe kuta nne za mchemraba, chini unaweka kipande cha katoni, juu unalaza feni ya mraba ikipuliza kwenda juu, kisha unaziba mianya yote kwa utepe wa kunata. Wazazi wanaweza kutengeneza moja kwa kila darasa kwa mchana mmoja. Kelele yake inavumilika ikiwa feni haijawekwa mwendo wa juu kabisa, na hilo si jambo dogo mahali ambapo toni ndiyo somo lenyewe.

Na njia bora kuliko zote haihitaji umeme. Mwaka 1908 mji wa Providence, Rhode Island, ulianzisha darasa lenye madirisha wazi kwa ajili ya watoto waliotishwa na kifua kikuu, miaka minne baada ya Wajerumani kufungua shule ya msituni Charlottenburg. Kenya nayo ilipofungua shule Januari 2021, kusomea chini ya miti kulizungumzwa waziwazi kama dawa ya msongamano, na wapo waliolicheka wazo hilo. Mimi sikulicheka. Kwa shule ya lugha, nje ni darasa kamili: majina ya miti, ya ndege, ya mawingu, vitenzi vya kuokota na kubeba ambavyo Kicherokee huvibadilisha kulingana na umbo la kitu kinachobebwa, kama ni kirefu, kinachopinda, cha majimaji au chenye uhai. Mambo hayo hufundishwa vibaya sana mbele ya ubao. Majira ya baridi ya Oklahoma yana siku mbaya, lakini si zote.

Kuhusu barakoa, malalamiko yaliyosikika zaidi ni kwamba mtoto anayejifunza lugha lazima aone midomo. Kwa lugha nyingi hoja hiyo ina uzito. Mtoto anayejifunza Kiswahili akikosa kuona midomo ikifungwa kwa m, p na b, au ikigusa meno kwa f na v, amekosa msaada. Kicherokee hakina p, b, f wala v, na m yake inapatikana katika maneno machache tu. Ni lugha inayosemwa karibu yote bila kukutanisha midomo. Hatari ya barakoa kwa Kicherokee iko kwingine: kitambaa hufifisha sauti nyembamba, na lugha hii imejaa miguno ya koo, pumzi za h na ile sauti ya tl inayotoka pembeni mwa ulimi, vitu vinavyosikika kwa shida hata bila kizuizi. Kwa hiyo tiba si kuvua barakoa, bali kumvalisha mwalimu kipaza sauti kidogo cha kiunoni, cha aina ile wanayotumia waongoza watalii. Uamuzi wa barakoa ulikuwa na siasa zake pia. Jimbo la Oklahoma halikuwahi kuamuru barakoa kwa jimbo zima, ilhali Taifa la Cherokee liliziamuru katika majengo yake. Mtoto mmoja aliweza kuwa na sheria mbili kwa siku moja, ya shuleni na ya dukani.

Udogo wa shule ni faida na hasara kwa pamoja. Ni faida kwa sababu darasa la watoto wachache linaweza kuwa kundi lililojitenga kweli, lisilochanganyika na jingine chakulani wala kwenye basi, na kwa sababu mkuu wa shule anaweza kumpigia simu kila mzazi jioni moja. Anajua nani analelewa na bibi na babu, na kwa hiyo kikohozi cha nani ni cha kuogopwa zaidi. Hasara ni kwamba hakuna wa kushika zamu. Mwalimu mmoja akitengwa siku kumi na nne, wizara haina mtu wa akiba wa kumtuma, na kama watatu wametengwa, shule imefungwa iwe bodi imeamua au haijaamua.

Hapo ndipo ninapofikia jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Ufunguaji salama wa shule ya namna hii ulitaka wazee watolewe darasani kwa muda, jambo linaloonekana kupingana na sababu ya kuwa na shule. Halikuwezekana bila walimu wa kizazi cha pili, wale watu wazima waliojifunza lugha ukubwani. Taifa la Cherokee lilikuwa limeanzisha mwaka 2014 mpango wa kuwalipa watu wazima wajifunze lugha kwa wasemaji stadi, saa 40 kwa wiki, kwa miaka miwili. Mwaka 2014 mpango huo ungeweza kuonekana anasa: kwa nini umlipe mtu mzima ajifunze lugha ya babu yake? Mwaka 2020 ilidhihirika kwamba ndio uliokuwa umeandaa kundi la watu wa miaka ishirini, thelathini na arobaini wanaoweza kusimama mbele ya watoto ilhali mzee yuko nyumbani. Shule ndogo za lugha ambazo hazikuwa na kundi hilo zilibaki na chaguo mbili, kufunga au kumweka mzee kwenye hatari, na zote ni mbaya.

Kumtoa mzee darasani hakuna maana ya kumtoa kwenye somo. Anaweza kukaa barazani, hatua kadhaa kutoka kwenye mkeka wa watoto, upepo ukipita katikati. Anaweza kusikika kwa simu iliyounganishwa na spika, mwalimu kijana akimuuliza mbele ya watoto pale anapokwama, na kukwama huko ni somo jema kwa watoto kuliona. Kurekodi sauti zake ni lazima, lakini ningetahadharisha dhidi ya kuridhika na rekodi. Rekodi inahifadhi alichosema mzee, haihifadhi kile ambacho angemjibu mtoto aliyekosea.

Kisha ikaja chanjo, na hapo Wacherokee walifanya jambo ambalo linastahili kusomwa na kila anayepanga afya ya umma katika jamii zenye lugha ndogo. Desemba 2020, shehena ya kwanza ilipowasili, wasemaji stadi wa Kicherokee waliwekwa katika kundi la mwanzo kabisa pamoja na wahudumu wa afya na wazee. Watu wa Standing Rock, eneo la wenyeji asilia katika mpaka wa Dakota Kaskazini na Dakota Kusini, nao waliwatanguliza wasemaji wa Kidakota na Kilakota. Hilo liliwezekana Tahlequah kwa sababu mwaka mmoja kabla, bila kuwazia virusi vyovyote, walikuwa wameanza kuwaandikisha wasemaji katika daftari rasmi la saini. Mtu anayepanga foleni ya chanjo anahitaji majina, na majina yalikuwepo.

Wapo watakaouliza kama ni haki msemaji wa miaka 62 achanjwe kabla ya jirani yake wa miaka 80 asiyejua lugha. Swali hilo si la kupuuzwa, na lingekuwa zito zaidi kama jirani yule angeambiwa asubiri miezi. Kwa kuwa wazee na wasemaji waliwekwa pamoja, mgongano wenyewe ulikuwa mdogo kuliko unavyoonekana kwenye karatasi. Swali gumu zaidi lilikuwa la imani. Mwaka 1976 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilibainisha kwamba katika maeneo manne tu ya Huduma ya Afya ya Wahindi Wekundu, wanawake 3,406 walifungwa uzazi ndani ya miaka michache, na taratibu za kupata ridhaa yao zilikuwa na kasoro. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo ana sababu ya kuikwepa sindano ya serikali. Hata hivyo uchunguzi wa Taasisi ya Afya ya Wahindi Wekundu wa Mijini uliotolewa mapema 2021 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya waliohojiwa walikuwa tayari kuchanjwa, na sababu waliyoitaja zaidi ilikuwa wajibu kwa jamii yao. Naona kuwatanguliza wasemaji kulisaidia hapo pia, kwani sindano ilikuja ikiwa imetumwa na watu wao wenyewe kwa ajili ya kitu wanachokithamini.

Kutokana na hayo, tarehe ya kufungua inapatikana kwa hesabu nyepesi. Dozi mbili za Pfizer zilipishana kwa siku 21, na kinga ilihesabiwa kuwa imekamilika wiki mbili baada ya ya pili, maana yake msemaji aliyechanjwa katikati ya Desemba alikuwa amekingika mwishoni mwa Januari 2021. Kabla ya hapo, walimu wa kizazi cha pili na darasa la nje; baada ya hapo, mzee anarudi akiwa na barakoa, madirisha yakiwa wazi. Watoto wenyewe wa miaka mitano hadi kumi na moja hawakupata ruhusa ya chanjo hadi mwishoni mwa Oktoba 2021, kwa hiyo kurudi kwa mzee hakukupaswa kuwa kisingizio cha kuzima feni. Na lilipokuja wimbi la Omicron, lililowapata hata waliochanjwa, ilibidi mlango wa barazani uwe bado unafunguka.

Fedha hatimaye zilipatikana. Sheria ya Machi 2021 ya kukabiliana na janga ilitenga dola milioni 20 kwa ajili ya lugha asilia za Marekani, na mwaka 2022 Tahlequah ilifungua kituo cha lugha chenye jina la Durbin Feeling katika jengo lililokuwa kasino, shule ikahamia humo. Kilichobaki ni kasoro moja katika ile foleni ya chanjo. Daftari lililotumika liliwatambua wasemaji stadi, na haki yao haina ubishi, lakini aliyekuwa akivuta hewa moja na watoto katika miezi ile ya mwanzo ni mwalimu wa miaka 30 ambaye Kicherokee chake bado kina makosa na ambaye kwa hiyo hajafikia kiwango cha kutia saini. Huyo ndiye angekuwa mlango wa virusi kumfikia mzee anayemfundisha jioni. Daftari la janga lijalo linahitaji orodha ya pili, ya wanafunzi wa lugha walio watu wazima, inayoonyesha kila mmoja anajifunza kwa mzee gani, ili siku foleni ikipangwa wawili hao waitwe pamoja.